Siri za Programu Zikae Wapi? Mjadala wa Garsen

Hoja iliyo mezani ni hii: programu inayotuma arafa za kuwaonya watu kuhusu mafuriko isibebe ndani ya msimbo wake nywila, funguo wala mipangilio. Vyote hivyo visomwe kutoka faili ya nje kila programu inapowashwa.

Kwa kawaida hoja kama hii huishia kwa mafundi wenyewe. Tumeileta Garsen, Kenya, kwa sababu huku ina uzito wake. Mto Tana ukishapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ukapita Garissa na Hola, huja kutandaa kwenye delta. Masinga likijaa na kufurika, wanaoishi chini ya mto hutahadharishwa, na maji yenyewe huchukua siku kadhaa kufika. Mafuriko ya Novemba 2023 yalikata barabara ya Garsen kwenda Lamu upande wa Gamba. Arafa inayowahi maji huokoa watu na mifugo. Lakini huku pia ndiko mapigano ya Wapokomo na Waorma ya mwaka 2012 yalikopita Riketa, Kilelengwani na Kipao, wakauawa zaidi ya watu 100, na uvumi ukawa kuni za moto ule. Arafa ya uongo katika delta si mzaha.

Wasemaji wetu wanne ni wa kubuni, na programu wanayoijadili ni ya mfano. Hoja zao ndizo zinazosikika kila mahali watu wanapoandika programu. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu. Mtunzi ni binti anayeandika programu. Fundi ana duka la kompyuta Minjila. Mama Balozi alikuwa mmoja wa wanaojitolea kuhakiki uvumi vijijini baada ya mapigano.

MWENYEKITI: Dada, wewe ndiye mtoa hoja. Sema kwa lugha ambayo sote tutaifuata.

MTUNZI: Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mama. Programu ina kazi, na ina mambo inayopaswa kuambiwa ili ifanye kazi hiyo mahali fulani. "Soma kina cha mto, kikipita kiwango, tuma arafa" ni kazi. Haibadiliki ukiipeleka kwenye mto mwingine, kama ule wa Budalang'i. Kiwango chenyewe, anwani ya hifadhidata, nywila yake, ufunguo wa kampuni inayotusafirishia arafa, hayo hubadilika kutoka mashine moja hadi nyingine. Mwaka 2011 Adam Wiggins wa kampuni ya Heroku alichapisha kanuni 12 za kuunda programu za mtandaoni. Ya tatu inahusu mipangilio, na kipimo chake ni chepesi: je, ungeweza kuuanika msimbo wako hadharani dakika hii bila kufichua siri hata moja? Msimbo wetu ukipimwa hivyo, unaanguka.

FUNDI: Nani ametuambia tuuanike? Msimbo wetu unatunzwa mtandaoni, kwenye ghala la faragha. Wanaouona ni watu wanne, na wote nawajua kwa majina.

MTUNZI: Uber nao walikuwa na ghala la faragha, kaka. Mwaka 2016 wadukuzi waliingia kwenye ghala hilo huko GitHub, tovuti ya kutunzia msimbo, wakakuta ufunguo wa hifadhi yao ya data iliyokuwa kwenye seva za Amazon. Kwa ufunguo huo wakachota taarifa za watu milioni 57, abiria na madereva, na ulimwengu haukujulishwa hadi Novemba 2017. Toyota nao, mkandarasi wao aliweka sehemu ya msimbo wa huduma ya T-Connect kwenye ghala la wazi Desemba 2017, ufunguo ukiwa ndani. Uligunduliwa Septemba 2022. Karibu miaka mitano anwani 296,019 za barua pepe za wateja zilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angeukuta.

FUNDI: Uber na Toyota wana maelfu ya waajiriwa. Sisi tuna seva moja na genereta moja. Nipe nafasi nieleze upande wangu, Mwalimu, maana watu hudhani anayepinga faili ya nje ni mvivu.

MWENYEKITI: Nafasi unayo.

FUNDI: Nina mambo matatu. La kwanza: umeme ukikatika, diski ikafa, mimi huchukua mashine nyingine, nikavuta msimbo kutoka ghalani, na baada ya nusu saa huduma imerudi. Kila kitu kimo ndani. Ukitoa siri ukaziweka kwenye faili ambayo haimo ghalani, siku ya msiba msimbo utarudi na faili haitarudi. Mwenye nakala yuko Mombasa, simu haipatikani, na mto hausubiri.

La pili: faili hiyo ni maandishi matupu. Aliyefika kwenye seva ataisoma kama anavyosoma gazeti. Kwa hiyo siri haijafichwa, imehamishwa chumba.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Msimbo hupitiwa na mtu wa pili, hujaribiwa, ndipo ukawekwa. Faili ya mipangilio mtu huifungua usiku, akabadilisha namba moja, akafunga. Namba ya simu inayoanza na 07 ikiandikwa bila alama za kunukuu, miundo mingine ya faili huisoma kama hesabu, sifuri ikapotea. Kiwango cha mto kilichoandikwa kwa mkato badala ya nukta kinaweza kusomwa kama maneno. Na kama thamani haipo kabisa, programu nyingi huchukua thamani ya akiba aliyoiweka mwandishi miaka mingi nyuma, zikaendelea bila kusema neno. Utajua kuna kosa maji yakiwa kitandani.

MAMA BALOZI: Hilo la tatu nimelielewa hata mimi nisiye fundi.

MTUNZI: Na ni la kweli, Mama, silipingi. Lakini tiba yake haiko kwenye kurudisha siri ndani ya msimbo. Programu iandikwe hivi: inapowashwa, isome faili yote kabla ya kufanya lolote, ikague kila thamani. Kiwango lazima kiwe namba, na kiwe ndani ya mipaka inayoingia akilini kwa mto huu. Namba za simu zianze na 254 na ziwe na tarakimu 12. Kitu kikikosekana au kikipinda, igome kuwaka, itaje kinachokosekana kwa jina, bila kuchapisha siri yenyewe. Thamani ya akiba isiwepo kwa jambo lolote linalogusa uhai wa mtu.

Sasa nikuulize wewe, kaka. Unapojaribu mabadiliko kwenye kompyuta yako ya Minjila, programu hutumia ufunguo upi kutuma arafa?

FUNDI: Huo huo uliomo.

MTUNZI: Ule wa kweli?

FUNDI: Ule wa kweli. Ila huwa nazima sehemu ya kutuma kwanza.

MTUNZI: Na siku ukisahau?

MAMA BALOZI: Ngojeni kidogo, wanangu. Mnataka kuniambia kwamba kijana akiwa dukani anajaribu mashine, watu wa Idsowe, Ngao na Tarasaa wanaweza kupokea arafa ya kuhama?

MTUNZI: Ndivyo, Mama. Wote waliomo kwenye orodha, kwa dakika chache.

MAMA BALOZI: Basi niwaambie kile nilichokiona mimi. Baada ya mapigano ya 2012, Sentinel Project ya Kanada na iHub ya Nairobi walileta huku mradi wa Una Hakika. Mtu akisikia neno, kwamba kundi fulani limevuka mto, kwamba kisima kimetiwa sumu, alituma arafa au kupiga simu. Neno lile lilifuatwa na watu wa vijiji husika, sisi mabalozi tukiwemo, kisha jibu likarudi: ni kweli, si kweli, bado linachunguzwa. Kazi ile yote ilisimama juu ya kitu kimoja, kwamba arafa ikitoka kwetu inaaminika. Arafa moja ya uongo kutoka namba yetu ingetumaliza. Watu wakihamishwa bure mara moja, mara ya pili hawahami. Na upande mmoja ukipata arafa ya kuhama na mwingine usipate, yatasemwa maneno ambayo sitaki kuyarudia.

FUNDI: Hapo umenibana, Mama.

MTUNZI: Ndiyo maana makampuni ya huduma yenyewe hutoa milango miwili. Safaricom walipofungua Daraja mwaka 2017 ili programu zizungumze na M-Pesa, waliweka anwani moja ya majaribio na nyingine ya kazi halisi, kila moja na funguo zake. Africa's Talking, wasafirishaji wa arafa, nao wana uwanja wa majaribio ambao arafa zake haziendi kwa simu ya mtu. Lakini milango miwili haina faida kama msimbo umepigiliwa msumari kwenye mmoja. Kompyuta ya dukani iwe na faili yake yenye funguo za majaribio, seva iwe na faili yake yenye funguo za kweli, na msimbo uwe ule ule herufi kwa herufi. Hapo hata ukisahau, hakuna simu itakayolia Ngao.

MWENYEKITI: Fundi, hili umelikubali?

FUNDI: Nimelikubali, lakini mambo yangu mawili ya kwanza bado yamesimama. Maandishi matupu, na siku ya msiba.

MTUNZI: Nianze na maandishi matupu. Ni kweli, anayeingia kwenye seva akiwa na mamlaka yote ataisoma faili. Ila hesabu nakala. Siri ikiwa ndani ya msimbo, imo kwenye ghala, kwenye kompyuta ya kila aliyewahi kuuvuta, kwenye diski ya mwanafunzi wa mafunzo aliyeondoka mwaka juzi. Tena imo kwenye historia, maana Git, programu inayoendesha ghala, hutunza kila toleo. Ukiifuta leo, toleo la jana bado linayo. Faili ya nje iko kwenye seva moja. Unaipa ruhusa 600, maana yake mwenyewe pekee aisome na kuiandika. Unaiweka nje ya folda ambayo seva ya tovuti huwapa wageni, na jina lake unaliandika kwenye .gitignore ili isiingie ghalani kwa bahati mbaya. Sijaiondoa hatari yote. Nimeipunguza kutoka mahali pengi nisipopajua hadi mahali pamoja ninapopajua.

FUNDI: Wenzako wengine wanasema hata faili isiwepo, kila kitu kiwe vigezo vya mazingira vinavyokaa kwenye kumbukumbu ya mashine.

MTUNZI: Hiyo ndiyo njia ya zile kanuni 12, na kwa waliopanga nafasi kwenye seva za watu inafaa. Lakini vigezo hivyo hurithiwa na kila programu ndogo inayozinduliwa na ile kubwa, na programu ikianguka, baadhi ya vifaa vya kuripoti makosa huvimwaga vyote kwenye ripoti. Kwa seva yetu moja, faili iliyofungwa vizuri inatosha. Tukikua, ziko programu mahususi za kutunza siri. Tusinunue genereta ya hoteli kuwasha balbu mbili.

MAMA BALOZI: Mimi nina neno, Mwalimu, na huenda likamuudhi binti yangu.

MWENYEKITI: Sema, Mama.

MAMA BALOZI: Tangu tuanze mnasema "mipangilio na siri" kama kitu kimoja. Kwangu ni vitu viwili vinavyovutana. Binti, umetaja kiwango cha mto. Nani alikiweka?

MTUNZI: Mimi, kwa ushauri wa watu wa maji.

MAMA BALOZI: Na orodha ya vijiji vitakavyopata arafa? Na maneno yenyewe, Kipokomo, Kiorma, Kiswahili?

MTUNZI: Vimo kwenye faili.

MAMA BALOZI: Faili ile ile utakayoifunga kwa ruhusa 600 asiione mtu?

MTUNZI: Kwa mpango wangu wa sasa, ndiyo.

MAMA BALOZI: Hapo ndipo ninapokataa. Nywila ya hifadhidata ifiche, tena ifiche sana. Humo mna namba za simu na vijiji, na huku kijiji cha mtu kinaweza kumwambia msomaji huyu ni Mpokomo, huyu ni Muorma, huyu ni Mwardei. Orodha hiyo ikianguka mikononi mwa mbaya siku ya ghasia, utakuwa umemchorea ramani. Lakini kiwango cha mto na orodha ya vijiji si siri ya fundi. Hayo ni maamuzi ya watu. Mfugaji wa upande wa pili wa mto ana haki ya kujua kama kijiji chake kimo, na kama kiwango kilishushwa au kupandishwa, ni nani aliyefanya hivyo na lini. Ukiyafungia chumba kimoja na nywila, siku kijiji kimoja kitakapokosa arafa hakuna atakayeamini kwamba ni kosa la mkono.

FUNDI: Umesikia, mdogo wangu? Hilo si la kompyuta tena.

MTUNZI: Nimelisikia, na Mama ana haki. Tena sheria iko upande wake kwenye sehemu ya kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaja asili ya kikabila miongoni mwa data nyeti, na data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Nitatenganisha. Faili ya kwanza itakuwa ya mipangilio: viwango, vijiji, maneno ya arafa. Hiyo itakuwa nje ya msimbo wa kazi lakini ndani ya ghala, iandikwe kwa namna ambayo hata asiye fundi ataisoma, na kila badiliko litakuwa na jina na tarehe. Haitabadilishwa mpaka watu wawili wakubali. Faili ya pili itakuwa ya siri tupu: nywila, funguo, basi. Hiyo haitagusa ghala.

FUNDI: Basi usiku ule wa kubadilisha namba kimyakimya umekwisha, angalau kwa viwango. Imebaki siku ya msiba. Hilo msilikimbie.

MAMA BALOZI: Hilo mbona wanawake wa vyama walilitatua zamani? Sanduku la akiba la kikundi lina kufuli tatu, na funguo zake wameshika watu watatu wa nyumba tatu. Hakuna anayelifungua peke yake, na mmoja akihama, kufuli yake inabadilishwa.

MTUNZI: Tuige huo utaratibu. Ghalani tuweke faili ya mfano yenye majina ya siri zote zinazohitajika na nafasi tupu mbele yake, ili yeyote anayeirudisha huduma ajue anatafuta nini. Siri zenyewe tuwe na nakala iliyofungwa kwa usimbaji fiche, ikae mahali pawili, mojawapo isiwe kwenye eneo linalofikiwa na maji. Nywila ya kuifungua igawanywe, kusiwe na mtu mmoja mwenye yote wala mtu mmoja ambaye asipopatikana kazi inasimama. Watu wawili kati ya watatu watoshe kuifungua. Mara kwa mara, msimu wa kiangazi, tujaribu kuirudisha huduma kwenye mashine tupu tuone kama nakala inafanya kazi.

FUNDI: Na mtu akiondoka?

MTUNZI: Funguo zote alizoziona zinabadilishwa wiki hiyo. Siri ikiwa kwenye faili ya nje, kubadilisha ni kuhariri mstari mmoja na kuiwasha upya. Ikiwa ndani ya msimbo, ungelazimika kutoa toleo jipya zima, na kwa kuwa ni kazi nzito watu huiahirisha. Funguo nyingi hukaa miaka kwa sababu hiyo tu.

FUNDI: Naondoa pingamizi langu kwa masharti matatu. Ukaguzi wa thamani uwepo siku ya kwanza, si baadaye. Jaribio la kurudisha huduma lifanyike kabla ya mvua za masika. Na funguo zilizomo kwenye msimbo sasa zibadilishwe leo. Kuzifuta tu hakutoshi, umesema mwenyewe Git haisahau.

MTUNZI: Nakubali yote matatu.

MWENYEKITI: Basi nitoe uamuzi. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na katika mjadala huu tumeona kata zilikuwa nyingi kuliko tulivyodhani: kila aliyewahi kuvuta msimbo alikuwa nayo. Hoja imepita, lakini haikupita kama ilivyoletwa. Ilivyoletwa, ilichanganya kinachopaswa kufichwa na kinachopaswa kuonekana. Sasa isomeke hivi. Msimbo ubaki na kazi peke yake. Mipangilio inayoamua nani anaonywa na lini iwe kwenye faili yake, wazi, yenye jina la kila aliyeigusa. Siri ziwe kwenye faili nyingine, zimefungwa, zikiwa na walinzi wanaojulikana na nakala iliyojaribiwa. Na programu igome kuwaka pale mojawapo ya faili hizo inapokuwa na kasoro. Nimempa ushindi Mtunzi kwa kuhamisha, Fundi kwa tahadhari, na Mama Balozi kwa kuuliza swali ambalo mafundi wawili hawakuliuliza: mambo haya yanafichwa asiyaone nani?

Kwako msomaji, kama una programu inayoshika namba za simu za watu, iwe ya chama, ya zahanati, ya shule au ya ushirika wa maembe, fungua msimbo wake wiki hii utafute nywila na funguo. Ukizikuta, zibadilishe kwanza kwa mtoa huduma, kisha uhamishe mpya kwenye faili ya nje. Ukihamisha bila kubadilisha, ufunguo wa zamani bado utafungua.